UZI: Ufuo ni wa nani? Kutoka Mikindani hadi Nyali, na ile njia iliyopotea

1/ Kila msimu wa kampeni hapa Mombasa kuna ahadi moja haikosi jukwaani: "Tutawarudishia wananchi fuo zao!" Watu wanapiga makofi, vuvuzela zinalia, mkutano unavunjika. Miaka 5 ikipita ahadi inarudi vilevile, imebadilisha fulana tu. Leo tuifungue. Fuo zilichukuliwa lini, na nani, kwa karatasi gani? Na je, ni kweli zilichukuliwa? Kama ilivyo kawaida yetu hapa, hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunataja miaka na sheria. Kaa kitako, uzi ni mrefu kidogo.

2/ Naanza na jambo la nyumbani. Mimi ni wa Mikindani. Si ile Mikindani ya Mtwara kule Tanzania, ni hii yetu ya Jomvu, barabara ya kwenda Nairobi. Jumanne moja ya likizo ya Agosti nyanya yangu aliniambia anataka kwenda pwani atie miguu majini, na wajukuu waende naye. Nikasema twende Pirates. Akakataa: "Pirates kelele. Kuna ngamia, kuna maboya, kuna mziki. Nipeleke Nyali, kule kwatulia." Usichana wake aliumalizia Kisauni kwa dadake, kwa hivyo Nyali anaijua kwa miguu.

3/ Matatu ya kwanza mpaka mjini, ya pili kuvuka daraja la Nyali. Tukashuka, tukaingia barabara ya ndani yenye kuta ndefu na maua ya bogenvilia. Nyanya yuko mbele na fimbo yake, watoto nyuma na mfuko wa viazi karai. Akatafuta uchochoro aliokuwa akipita zamani, katikati ya ploti mbili. Akaupata. Mwishoni mwa uchochoro kulikuwa na geti.

4/ Getini kulikuwa na soja, kijana wa heshima zake. "Shikamoo nyanya." "Marahaba mwanangu." "Mwaelekea wapi?" "Twaenda pwani." "Hapa ni kwa wageni wa hoteli, nyanya. Ama mlipie tikiti ya siku." Nyanya akamwambia: "Mimi nimepita hapa kabla ukuta huu haujajengwa." Kijana akainamisha kichwa. "Najua nyanya. Lakini mimi nimeandikwa tu. Nakaa Mtopanga, na siku yangu ya ofu mimi pia naenda Pirates." Sikumlaumu, na hata hoteli siitaji. Nilichotaka kujua ni hiki: nani ana haki hapa, nyanya ama geti?

5/ Jibu fupi: wote wawili wana kitu mkononi. Nyanya ana Katiba. Geti lina hati ya ardhi. Na siasa zetu zimekwama katikati ya hivyo viwili, kwa sababu jukwaani hakuna anayetaka kueleza tofauti yake. Tofauti yenyewe haikuanza na hoteli. Ina zaidi ya miaka 100. Twende pole pole.

6/ Desemba 1895. Uingereza na Sultani wa Zanzibar wanatia sahihi mkataba. Ukanda wa pwani wa maili 10 kutoka baharini kwenda bara unabaki kuwa wa Sultani kwa jina, lakini Mwingereza ndiye atakayeutawala, na atamlipa Sultani pesa kila mwaka. Ndiyo maana hata Kenya ilipofanywa koloni mwaka 1920, pwani iliitwa himaya, si koloni. Wazee wetu walisikia bendera mbili, mabwana wawili. Waliokuwa wakivua samaki Nyali na wakilima Kisauni hawakuulizwa na yeyote.

7/ Halafu 1908. Huu mwaka ushike, ndio mzizi wa mambo. Serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya pwani. Ilisema hivi: mwenye kudai kipande cha ardhi aje na ushahidi, aandikishe, apewe hati. Kipande ambacho hakuna aliyekidai kwa njia hiyo kitahesabiwa kuwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Kwa karatasi inaonekana haki. Mlango uko wazi, kila mtu aje.

8/ Lakini nani angeweza kuingia mlango huo? Aliyejua habari kwa wakati. Aliyekuwa na maandishi, au mashahidi ambao afisa angewakubali. Aliyemiliki kwa jina lake peke yake. Jamii nyingi za Mijikenda zilishika ardhi kwa ukoo na kwa matumizi: huyu analima hapa, yule anavua pale, njia ya kwenda majini ni ya wote. Umiliki wa namna hiyo haukuwa na nafasi kwenye fomu. Hivyo wengine walipata hati, wengine wakaamka wanaishi juu ya ardhi ya mtu au ya serikali bila kuhama hata hatua moja. Neno skwota tunalolisikia kila kampeni lina mizizi yake hapo.

9/ Sasa angalia Nyali yenyewe. Kabla ya hoteli kulikuwa na Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kengele yao ndiyo iliyotupa jina la Kengeleni. Baadaye sehemu kubwa ya Nyali ikawa shamba la mkonge. Mwaka 1931 likajengwa daraja la kwanza la kuelea kuunganisha kisiwa na Nyali. Shamba lililo mkabala na mji likipata daraja, hilo si shamba tena, ni ploti zinazosubiri mnunuzi.

10/ Miaka ya 1940 hoteli kubwa ya kwanza ikafunguliwa ufuoni Nyali. Wageni wake walikuwa walowezi kutoka bara waliokuja kupunga upepo. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, maana ubaguzi wa rangi mahotelini lilikuwa jambo la kawaida Kenya ya ukoloni. Kule Durban, Afrika Kusini, waliweka mabango ufuoni: huu wa weupe, ule wa Wahindi, ule wa weusi. Mabango yaling'olewa na kila mtu akaona yameng'olewa. Hapa kwetu kazi ile ilifanywa na bei na geti, na geti halikuandikwa rangi ya mtu.

11/ 1963. Uhuru unakaribia, na ukanda wa maili 10 una mjadala mkali: ujiunge na Kenya, urudi Zanzibar, ama ujitegemee? Ndio ule mjadala wa mwambao ambao babu zetu walikosana kwa ajili yake. Oktoba mwaka ule ikakubaliwa kuwa Sultani ataachia madai yake na pwani itakuwa Kenya. Katika makubaliano hayo kulikuwa na ahadi ambazo watu wanazikumbuka: dini, Kadhi, lugha. Na kulikuwa na moja ambayo haitajwi sana jukwaani: hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa pwani zitaendelea kutambuliwa.

12/ Isome tena hiyo. Bendera ilibadilika Desemba 1963, daftari la ardhi halikubadilika. Aliyekuwa na karatasi ya mwaka 1908 alivuka nayo hadi kwenye uhuru. Aliyekosa karatasi, alivuka na wimbo wa taifa. Simlaumu mwenye hati halali, maana wengine ni familia za hapahapa. Nasema tu kwamba mwanasiasa akikwambia matatizo ya ardhi ya pwani yaliletwa na mpinzani wake wa juzi, anakupunguzia hesabu. Na akikwambia yote yaliletwa na mkoloni, pia anakupunguzia, kwa sababu mengine tulijifanyia wenyewe. Tunayafikia.

13/ Miaka ya 1970 ndege za watalii zilianza kutua Port Reitz kwa wingi, Wajerumani, Waswisi, Waitaliano, Waingereza. Mwaka 1980 daraja jipya la zege la Nyali likafunguliwa. Nyali, Bamburi, Shanzu, ploti kwa ploti, hoteli zikapangana mbele ya bahari kama meno. Zilileta kazi, hilo tusilikatae. Watu wangapi wa Mikindani, Kisauni, Changamwe wamesomesha watoto kwa mshahara wa hoteli? Wengi. Lakini kila ploti mpya iliyojengwa ukuta ilikuwa na swali moja: mvuvi na mama wa kwenda kuokota chaza sasa atapita wapi?

14/ Wapimaji walikuwa na jibu. Shamba kubwa likigawanywa, ramani huwa na barabara, na kwenye fuo zetu ramani ziliwekewa vinjia vyembamba kutoka barabara kuu hadi baharini, katikati ya ploti na ploti. Njia za umma. Ule uchochoro wa nyanya yangu ulikuwa wa aina hiyo. Sasa ujue jinsi njia inavyokufa. Kwanza jirani anaweka boma la miti. Halafu anaweka geti "kwa usalama". Halafu soja. Halafu siku moja mtu anakwenda ofisini na ile njia inatoka na namba ya ploti na jina la mtu.

15/ Hilo la mwisho si porojo za kijiweni. Mwaka 2003 serikali iliunda tume ya kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma nchini, ikiongozwa na wakili Paul Ndung'u. Ripoti yake ya 2004 ilieleza jinsi ardhi za umma, zikiwemo barabara, misitu na ardhi za pwani, zilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, na mara nyingi kama zawadi ya siasa. Hii ndiyo sehemu niliyosema tulijifanyia wenyewe. Mkoloni alikuwa ameshakwenda kwao zamani.

16/ Sasa njoo kwenye Katiba ya 2010, Kifungu cha 62. Kinaorodhesha ardhi ya umma, na ndani yake imo ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Maana yake: ule mchanga unaofunikwa na maji yakijaa na kufunuliwa yakipwa ni wa umma. Wa nyanya, wa soja, wa mtalii, wako. Hoteli haina hati yake. Kwa hivyo ile ahadi ya "tutawarudishia fuo" ina kasoro toka mwanzo. Mchanga wenyewe haukuuzwa. Kilichopotea ni njia ya kuufikia.

17/ Hapo ndipo penye kiini cha uzi huu. Haki ya kukaa mahali usipoweza kufika ni haki ya kwenye karatasi. Na ina jambo jingine la kuchekesha kama halikuhusu. Mombasa maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvu tofauti ya juu na chini hufikia karibu mita 4. Mahali ambapo ukuta wa ploti umejengwa hadi kwenye alama ya maji, bahari ikijaa hakuna mchanga uliobaki. Isitoshe, mawimbi yakigonga ukuta hurudi na mchanga, ufuo unazidi kuwa mwembamba. Kwa hivyo ardhi yako ya umma inazama kila baada ya saa chache.

18/ Sasa tuchambue misemo minne ya jukwaani. Msemo wa kwanza: "Sheria inasema mita 60 kutoka baharini ni za umma!" Ukweli una kona. Kanuni za Upimaji za Kenya za 1994 zinasema ardhi ya serikali ambayo bado haijagawiwa mtu ikipimwa ufuoni ili igawiwe, kwa kawaida utengwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Soma tena: ambayo bado haijagawiwa. Ploti iliyopata hati miaka ya 1910 haiguswi na kanuni hiyo. Ploti iliyokatwa kutoka ardhi ya serikali baadaye ni kesi nyingine. Ukitaka kujua, lazima ujue historia ya ploti hiyo moja.

19/ Wenzetu Tanzania wana mita 60 pia, lakini yao ni ya mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuo wa bahari au ziwa. Ndiyo maana watu wa Mombasa hutazama video za Dar wakafikiri sheria ni moja. Si moja. Na hata kule, watu wa Dar wamelazimika kupiga kelele kuhusu Coco Beach ili ibaki ya kila mtu. Sheria nzuri bila watu wanaouliza hulala.

20/ Msemo wa pili: "Hilo ni la serikali kuu, mimi sina uwezo," ama kinyume chake, "Hilo ni la kaunti, waulizeni wao." Nimesikia yote mawili, wakati mwingine kwa mdomo mmoja. Ukweli: ardhi ya kati ya maji kujaa na kupwa inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na inasimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya bustani, fuo na mahali pa burudani, pamoja na mipango ya ardhi na barabara za kaunti. Kwa hivyo mchanga ni wa taifa, njia na choo na taka ni za kaunti. Hakuna wa kukwepa hapo.

21/ Msemo wa tatu: "Wageni wamenunua pwani yote." Katiba, Kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kushika ardhi isipokuwa kwa kukodi, na si zaidi ya miaka 99. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alipunguziwa. Na ukitembea kuta za Nyali ukauliza wenyewe, utakuta majina ya Wakenya si haba, hata ya watu wanaopanda majukwaa. Msemo huu una faida kwa anayeusema: unakufanya utazame pasipoti ya mtu badala ya geti lake. Geti la mwenzetu hufunga kama la mgeni.

22/ Msemo wa nne ni wa upande wa pili, tuwe waadilifu: "Tukifungua njia, usalama utaharibika na utalii utakufa." Hofu hii haikutoka hewani. Pwani imeshuhudia mashambulizi, na hoteli ya Kikambala ililipuliwa Novemba 2002, wakafa watu, wengi wao Wakenya. Mwenye hoteli ana haki ya kulinda jengo lake, na Kifungu cha 40 kinalinda mali yake, mradi haikupatikana kinyume cha sheria. Lakini kulinda jengo si kufunga njia ya umma iliyo nje ya jengo. Hawaii ni visiwa vinavyoishi kwa utalii, na sheria yao inataka anayegawanya ardhi ya ufuoni atoe njia ya umma ya kufika majini. Utalii wao haujafa.

23/ Unaweza kuuliza: kwani Mikindani hamna maji yenu? Tunayo. Hori la Tudor liko pale, na mikoko yake. Lakini tazama ramani ya upande wetu. Reli ilianzia Mombasa 1896 ikapita Changamwe. Bandari ikatoka Kilindini ikavuka hadi Kipevu. Kiwanda cha kusafisha mafuta kikaja Changamwe miaka ya 1960. Stesheni ya SGR ikafunguliwa Miritini 2017. Changamwe na Jomvu ni majina ya mataifa mawili kati ya yale Miji Kumi na Mbili ya Waswahili wa Mombasa, watu wa bahari tangu zamani. Leo maji ya upande wetu yanabeba meli, mafuta na taka za mji. Upande wa bandari tulitoa kwa ajili ya nchi. Upande wa mchanga tukawekewa geti.

24/ Ndiyo maana hili si suala la watu wa starehe. Mtoto wa Mikindani anayekua akisikia yeye ni mtu wa pwani, na bahari anaiona kwa dirisha la matatu akipita Makupa, atajua nini kuhusu pwani? Hatajua kuogelea. Hatajua tofauti ya maji mafu na bamvu. Akienda mara moja kwa mwaka, Idi ama Boksing Dei, anakwenda penye umati wa maelfu mahali pamoja. Njia zikifungwa kumi, watu wa zile kumi wote humiminika kwenye moja. Halafu tunasema wenyeji hawana ustaarabu ufuoni.

25/ Basi mwaka huu usipige makofi haraka. Akisema "tutarudisha fuo", muulize maswali manne. Njia ipi, iko kati ya ploti gani na gani? Kwenye ramani ya upimaji ina upana gani? Nani ameiziba, na kwa karatasi ipi? Wewe ukipata kiti, utaanza na ofisi gani, ya kaunti ama ya Tume ya Ardhi? Akijibu hata mawili, huyo amesoma. Akianza kuimba, ujue ni fulana tu.

26/ Na usisubiri kampeni. Ramani za upimaji ni nyaraka za umma, na ploti yoyote unaweza kufanyiwa upekuzi ofisi ya ardhi kwa ada. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuuliza ofisi ya umma kwa maandishi, nayo inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Uliza orodha ya njia za umma za kwenda ufuoni kutoka Nyali hadi Shanzu, na Likoni pia. Orodha hiyo mkononi ina nguvu kuliko mikutano kumi. Vikundi vya wavuvi vya BMU tayari vinajua njia nyingi kwa miguu, anzeni kwao.

27/ Kuhusu nyanya: tulirudi barabarani, tukatembea tena, tukapata uchochoro mwingine uliojaa taka na chupa lakini hauna geti. Tulipotokea upande wa pili maji yalikuwa yamepwa, mchanga mweupe mtupu, mivinje inavuma, watu hata kumi hawafiki. Nyanya akavua ndara, akaingia hadi vifundoni, akasimama kimya. Watoto walikula viazi karai na mchanga wake. Alasiri maji yakaanza kupanda kuelekea kwenye kuta, tukalazimika kuondoka haraka tusikatiwe njia ya kurudi. Kwenye matatu akaniambia: "Bahari haijahama. Ni njia tu." Mimi ningeweza kuishia hapo na uzi wangu wote.

28/ Mwisho. Kama unajua njia ya umma ya ufuoni iliyozibwa mtaani kwako, iandike hapa chini: mtaa, alama ya karibu, mwaka uliokumbuka kupita mara ya mwisho. Usitaje jina la mtu wala hoteli, taja njia tu. Matusi na vyama pelekeni kwingine. Uzi ujao, inshallah: feri ya Likoni, na kwa nini kila kampeni ina ahadi ya daraja.